Chapeo na Dirii: Zamlinda Askari Kadiri Gani?

 

Katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira, kuanzia Ogembo hata Nyansiongo, kuna picha ukutani ya kijana aliyevaa nguo za jeshi. Ameandikishwa siku moja uwanjani, akapelekwa Eldoret kwa mafunzo, kisha habari zake zikawa ni za simu tu.  Tangu Oktoba 2011, Kenya ilipoingiza majeshi yake Somalia, hakuna mama mwenye mtoto jeshini ambaye husikia taarifa ya habari kwa moyo mtulivu. Tena mwaka 2024 polisi wetu wakaanza kupelekwa Haiti, ng'ambo ya bahari, na hofu ikaongezeka.

Ndipo twaulizwa swali hili, mara kwa barua, mara mlangoni pa kanisa baada ya ibada: "Mwanangu ameniambia amepewa kofia ya vita na fulana ya kuzuia risasi. Je, nilale usingizi?" Wengine huuliza kama kuvaa vitu hivyo si kukosa imani. Na wako wanaouliza kwa sauti ya chini, wakitazama huku na huku, kama si afadhali kuuza ng'ombe mmoja wampatie kijana dawa ya kufungia risasi.

Twataka kujibu kweli tupu, kwa maana mama haponywi kwa maneno matamu. Vyombo hivi humlinda askari kweli kweli, tena wengi wako hai leo kwa sababu yake. Lakini humlinda na hatari fulani tu, katika sehemu fulani za mwili, na hatari nyingine havizigusi kabisa. Basi na tuitazame habari hii tangu kwetu nyumbani.

Wazee wetu walijua ngao. Ngao ya ngozi ngumu, ikishikwa na mtu mwenye mkono mwepesi, ilimsaidia sana katika vita vya mikuki na mishale. Ngozi ile ilikuwa dirii ya kutosha kwa silaha za siku zile. Kisha mwaka 1905 serikali ya Waingereza ikaleta askari kuwapiga watu wa Kitutu. Robert Foran, ofisa wa polisi aliyekuwamo katika safari ile, aliandika baadaye kwamba bunduki ya rashasha ilipigwa kwa muda mrefu hata ikawa moto wa kuunguza mkono, na mamia ya wapiganaji wakalala chini, wafu na majeruhi, mbele ya askari. Hawakuwa waoga, wala ngao zao hazikuwa mbovu. Ngao iliyotengenezwa kuzuia mshale ilikutanishwa na kitu ambacho mwenye kuitengeneza hakupata kukiona.

Mnamo Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, akihimizwa na mama Moraa Ng'iti, alimchoma mkuki ofisa Geoffry Northcote, yule ambaye watu wetu walimwita Nyarigoti. Naye Nyarigoti, pamoja na bunduki zote za serikali yake, hakuwa na kitu cha kuuzuia mkuki usimwingie mwilini. Alipona, lakini adhabu iliyofuata ilikuwa kali mno, hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni huko London, akaandika kulalamika juu ya kuuawa kwa watu wengi namna ile wasio na kinga. Twaikumbuka habari hii kwa sababu yatufundisha jambo la kwanza juu ya kinga: haitoshi kuuliza kama ni nzuri. Yapasa kuuliza, ni nzuri kwa kuzuia nini?

Katika mwaka ule ule wa 1905, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaambia watu kwamba maji aliyowapa yangegeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Vita vya Maji Maji vikaendelea hata mwaka 1907, na watu wengi mno wakafa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata. Tusiwacheke watu wale. Walikuwa wakitafuta kitu cha kulinda uhai wa watoto wao, kama tufanyavyo sisi. Lakini yule anayeuza leo hirizi ya kuzuia risasi hawezi kusema hajui. Anajua. Tena hirizi ina madhara zaidi ya kupoteza ng'ombe, kwa maana kijana anayeamini kwamba risasi haimpati huenda asiiname inapompasa kuinama.

Hebu sasa tuje mwaka 1914. Tarehe 12 Septemba mwaka ule, Wajerumani waliotoka upande wa Mwanza walipigana na askari wa King's African Rifles papa hapa Kisii. Kapteni Thorneycroft, aliyewaongoza askari wale wa Kiingereza, aliuawa siku ile, na watu wengine wengi wa pande zote mbili. Je, walivaa nini vichwani? Maofisa walivaa zile kofia nene za kuzuia jua, na askari walivaa vikofia vya kitambaa. Hakuna hata kimoja kilichoweza kuzuia risasi, wala kipande kidogo cha chuma kilichorushwa na mzinga. Wala haikuwa kwa sababu walikuwa Waafrika au kwa sababu vita vilikuwa mbali. Wakati huo hata majeshi makubwa ya Ulaya yalikuwa hayajawapa askari wao wa miguu kofia za chuma. Wafaransa walikwenda vitani na kofia za kitambaa, na Wajerumani na kofia za ngozi zenye ncha juu.

Ilichukua mwaka mzima wa mauaji ndipo macho yakafunguka. Madaktari waliona kwamba majeraha mengi ya kichwa hayakutokana na risasi ya bunduki bali na vipande vya mizinga, vidogo kama punje ya mahindi, vinavyonyesha kutoka juu juu ya watu waliojificha mahandakini. Kipande kidogo kama hicho, kilichokwisha kupunguza mwendo, kingeweza kuzuiwa na bamba jembamba la chuma. Ndipo mwaka 1915 Wafaransa wakatoa kofia ya Adrian, na Waingereza kofia ya Brodie iliyofanana na bakuli lililofunikwa, yenye uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja. Wajerumani wakafuata mwaka 1916. Nazo ziliokoa watu wengi. Lakini msikilizaji, shika neno hili: zilitengenezwa kwa ajili ya vipande vya mizinga. Risasi ya bunduki iliyopigwa kutoka karibu, ikija moja kwa moja, ilizitoboa. Na hali hiyo, kwa sehemu kubwa, haijabadilika mpaka leo.

Ingefaa tuseme pia habari za wale vijana wetu waliochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi katika vita ile, Kariokor, ambao jina lao limebaki katika mtaa mmoja wa Nairobi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa chakula kibaya na uchovu. Chapeo ya chuma isingewafaa kitu. Blanketi na uji uliopikwa ukaiva vingewaokoa zaidi.

Sasa tuangalie vyombo vya siku hizi. Mwaka 1965 mwanamke mmoja wa Marekani, mwanakemia Stephanie Kwolek, akifanya kazi katika kampuni ya DuPont, aligundua njia ya kutengeneza nyuzi ambazo, kwa uzito ule ule, zina nguvu mara tano kuliko chuma. Ndizo ziitwazo Kevlar. Nyuzi hizi hufumwa kuwa kitambaa, na vitambaa vingi hupangwa kimoja juu ya kingine. Risasi ikipiga, haikutani na ukuta, bali hukutana na kitu kama wavu wa samaki. Kila uzi huvutwa, nao huvuta uzi wa jirani, hata nguvu ile ikasambaa mahali papana na risasi ikabonyea na kusimama. Kofia nyingi za vita za leo zimetengenezwa kwa nyuzi za namna hii zilizogandishwa pamoja.

Lakini kuna hesabu ambayo kila mzazi aweza kuifahamu. Risasi ya bastola ya kawaida ina uzito wa gramu kama 8, nayo huenda kama mita 350 kwa sekunde moja. Risasi ya bunduki ya AK-47, ile iliyojaa kote Somalia, nayo ina uzito wa gramu kama 8, lakini huenda kama mita 700 kwa sekunde. Mwendo ni mara mbili. Je, nguvu yake ni mara mbili? La, ni mara nne, kwa maana mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu ya kupiga huongezeka mara nne. Kwa hiyo fulana ya kitambaa peke yake itaizuia risasi ya bastola na vipande vingi vya bomu, bali risasi ya AK-47 itapita. Kofia ndivyo ilivyo. Ikipigwa kwa upande, risasi huenda ikateleza, na askari akarudi nyumbani na kofia yenye mfuo akawaonyesha watoto wake. Ikipigwa moja kwa moja kutoka karibu, kofia nyingi hazitoshi.

Ndiyo sababu mbele na nyuma ya fulana huingizwa mabamba. Mengi ni ya kauri, iliyo ngumu kupita chuma. Si laini kama lile jiwe letu la Tabaka linalochongeka kwa kisu. Risasi ikipiga kauri, ncha yake huvunjika, nayo kauri hupasuka mahali pale, kisha tabaka la nyuzi lililo nyuma hudaka vipande. Bamba zuri huizuia risasi ya AK-47, na yako mabamba mazito zaidi ya kuzuia hata risasi zilizotengenezwa kutoboa chuma. Hata hivyo aliyevaa hupata pigo kubwa, kama kupigwa na nyundo. Katika majaribio ya fulana hizi huwekwa udongo laini nyuma yake, na kipimo kinachojulikana sana huruhusu udongo ule ubonyee mpaka milimita 44. Fikiri basi mbavu za mtu. Atavimba, pengine ubavu utavunjika, lakini ataishi.

Kwa kuwa kauri hupasuka, bamba lililokwisha kupigwa haliaminiki tena mahali pale pale. Bamba likiangushwa hovyo juu ya saruji laweza kupata ufa usioonekana. Nacho kitambaa huharibiwa na jua na unyevu kwa muda wa miaka. Tena kitambaa kilichofumwa kwa ajili ya risasi si lazima kizuie kisu au mshale, kwa maana ncha nyembamba hupenya kati ya nyuzi. Watu wa Borabu walioona mishale ikiruka mpakani na Sotik mwaka 2008 wataelewa kwa nini twalitaja jambo hili. Kwa hiyo tunawaonya wazazi wasinunue fulana za mitumba kwa watu wasiojulikana wampelekee kijana. Huwezi kujua kwa macho ni ya kuzuia nini.

Na bamba lenyewe ni dogo. Lina upana wa sentimita kama 25 na urefu wa kama 30. Hufunika moyo, mishipa mikubwa na sehemu kubwa ya mapafu, basi. Uso, shingo, makwapa, kinena, mapaja na mikono hubaki wazi. Kwa nini wasimfunike mtu mzima? Kwa sababu ya uzito. Maandiko yatuambia dirii ya Goliathi ilikuwa na uzito wa shekeli 5,000, ambazo ni kama kilo 57, zaidi ya nusu ya gunia la mahindi la kilo 90. Naye alikuwa jitu, tena jiwe likampata pale pale palipokuwa wazi, katika paji la uso. Askari wa leo akivaa kofia, fulana na mabamba yake yote hubeba kilo 12 hata 15, hapo kabla ya bunduki, risasi na maji. Akina mama, hebu fikirini kutembea kutwa na zaidi ya nusu ya mtungi wa maji wa lita 20 umefungwa kifuani, katika joto la Gedo au Juba ya Chini, ambako hakuna ubaridi wa milima yetu. Jasho halipati njia ya kukauka. Vijana wengine hushawishika kuyatoa mabamba, au kuachia mkanda wa kofia chini ya kidevu. Mzazi mwenye kusikilizwa na mtoto wake na amwambie asifanye hivyo. Kofia isiyofungwa hutoka kichwani kwa mshindo wa kwanza.

Kuna habari ya mfalme Ahabu katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 22, ambayo twaona inaieleza habari hii kuliko vitabu vingi vya jeshi. Ahabu alivaa dirii yake akaenda vitani Ramoth-Gileadi. Mtu mmoja akavuta upinde bila hata kumkusudia, na mshale ukampata mahali dirii inapoungana. Basi soma mpaka mwisho wa habari ile: hakufa papo hapo. Alishikizwa garini mwake, damu ikachuruzika kutwa, na jioni akafa.

Twaomba mlitazame neno hilo, "jioni". Madaktari wa vita wa siku zetu wamejifunza kwamba askari wengi ambao wangeweza kuokolewa hufa kwa kutokwa na damu, mara nyingi kutoka mkononi au mguuni, mahali pasipo na bamba. Kwa sababu hiyo askari hupewa mkanda wa kukaza juu ya jeraha ili kuifunga damu, naye hufundishwa kuutumia kwa mkono mmoja. Mkanda huo ni mwepesi kuliko kitabu cha nyimbo, wala haupigiwi picha. Kwa maoni yetu, baada ya bamba la kifuani hakuna kitu kinachomrudisha kijana nyumbani zaidi ya mkanda huo na ndege ya kumchukua upesi mpaka kwa daktari.

Je, kuvaa dirii ni kukosa imani? Wengine hututajia Daudi aliyeikataa dirii ya Sauli. Lakini Daudi hakuivua kwa kuwa ni dhambi. Aliivua kwa kuwa hakuwa ameizoea na hakuweza kwenda nayo. Na watu wa Nehemia waliojenga ukuta wa Yerusalemu walimwomba Mungu, kisha wakaweka walinzi wenye ngao na dirii. Hawakuona shida kufanya yote mawili. Nasi tusiwatwike vijana wetu mzigo ambao Nehemia hakuwatwika wake.

Imebaki hatari moja, nayo ndiyo iliyotufanya tuchague mazungumzo haya. Ni hatari ya bomu. Tarehe 15 Januari 2016, kambi ya askari wetu ya El Adde ilivamiwa, na uvamizi ule ulianza kwa gari lililojazwa baruti. Tangu hapo, na hata kabla, mabomu ya kufukiwa barabarani yamewajeruhi vijana wengi. Kofia na fulana huzuia vipande vinavyoruka. Lakini bomu hurusha pia mshindo wa hewa, nao mshindo hauna ncha ya kuzuiwa. Hupita chini ya kofia, hutikisa kichwa kizima, na ubongo hutikisika ndani ya fuvu kama ute wa yai. Mtu huyo huinuka, ajipapase, aone hana hata tone la damu. Ataandikwa kuwa ni mzima.

Kisha anarudi likizo. Anasahau alichotumwa dukani. Kichwa kinamuuma, mwanga wa jua unamkera, usiku halali. Mlango ukipigwa na upepo anaruka. Alikuwa mpole, sasa anawafokea watoto. Naam, na kijijini maneno huanza: amerogwa, kuna mtu aliyeona wivu kwa mshahara wake. Na likishatamkwa neno hilo, hutafutwa mwenye kuroga, na mara nyingi huonekana katika nyumba ya mjane mzee asiye na mtu wa kumtetea.

Ndugu zangu, sisi watu wa Kisii hatuwezi kujifanya hatujui neno hilo hufika wapi. Mwezi Mei 2008 wazee wetu, wanaume kwa wanawake, walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 huko Marani akina mama wanne waliuawa kwa tuhuma zile zile. Hatusemi kwamba mauaji hayo yalitokana na askari aliyerudi. Twasema kwamba kijana mwenye ubongo uliotikiswa, katika kijiji chenye desturi hii, ni hatari kwa watu wasio na hatia, bila yeye mwenyewe kutaka. Mchungaji au mzee wa kanisa akisikia neno hilo likinong'onwa juu ya askari aliyerudi, asingoje Jumapili. Aende siku ile ile awaeleze jamaa mambo haya ya mshindo na ubongo, kwa maneno wanayoyafahamu.

Naye kijana afanyiwe nini? Apelekwe kwa daktari, na daktari aambiwe waziwazi kwamba alikuwa karibu na bomu, lini, na kama alizimia hata kwa dakika moja. Aliye bado jeshini ana haki ya kutibiwa katika hospitali ya majeshi huko Nairobi. Aliyekwisha kustaafu na aanzie katika hospitali kuu ya Kisii. Asinyweshwe pombe ili alale, kwa maana pombe huumiza ubongo uliokwisha kuumia. Apewe kazi za taratibu, apumzike, asihimizwe kusimulia vita mbele ya wageni. Wengi hupata nafuu kwa majuma au miezi. Wengine huchukua muda mrefu, na wake zao huchoka. Basi akina mama wa kanisa wawatembelee wake hao pia, si kwa maombi tu bali kwa kuni na unga, na kukaa na watoto jioni moja ili mke naye alale.

Saa yetu imekwisha. Mwenye swali juu ya jambo hili na alilete kwa mzee wa kanisa lake, nasi tutalijibu katika mazungumzo yajayo, Mungu akipenda. Kwaherini.